Rimu za gari nyingine kwenye HiAce au Noah yako: pima hivi, funga hivi

Rimu za chuma za van hazina umri mrefu visiwani. Chumvi inazila kwenye ukingo, pale pale tairi inapokaa, mashimo yanazikunja, na hata ukizipiga msasa na rangi mwaka huu, mwakani kutu imesharudi. Tairi inaanza kupungua upepo kila usiku na pancha haionekani. Ndipo mwenye gari anapoanza kutupia jicho rimu za gari nyingine: Prado inayokatwa spea, Hilux iliyobadilishiwa rimu za spoti, au fungu la mtumba lililoshuka na kontena kutoka Japani. Wengine hawana shida ya kutu hata kidogo, wanataka tu HiAce ya watalii ipendeze ikisimama mlangoni mwa hoteli Kiwengwa. Iwe sababu gani, kazi ni ile ile.

Muuzaji atakwambia, "Inaingia hiyo, yakhe, matundu sita kwa sita." Huenda kasema kweli. Lakini matundu kupita kwenye stadi, zile bolti zinazoshika gurudumu, ni mtihani wa mwanzo, na ndio mwepesi kuliko yote. Rimu inaweza kuingia ikawa haijakaa, na gari iliyojaa abiria si pahala pa kugundulia hilo.

Mifano yangu mingi ni ya HiAce ya umbo lililotoka 2004 na Noah, maana ndizo zinazojaa barabarani kwetu. Mwenye Caravan, TownAce au Alphard naye atapima kwa njia hizi hizi, namba tu ndizo zitakazobadilika.

Vifaa: rula ya chuma au kalipa ya kupimia, ubao ulionyooka uliozidi upana wa gurudumu, chaki, brashi ya waya, jeki na stendi zake, spana ya magurudumu, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Chukua na karatasi. Vipimo vya kichwani hubadilika mtu akishafika dukani na kuona rimu inayong'aa.

Hatua ya 1: Ijue gari yako kwanza

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wake. Kama jua na rangi mpya vimekifuta, vua gurudumu moja la asili usome nyuma ya rimu na ubavuni mwa tairi. Andika.

HiAce ya 2004 kuja juu ina stadi sita, duara linalopita katikati ya stadi hizo lina kipenyo cha milimita 139.7, na kitovu cha habu, yaani ile sehemu ya katikati inayochomoza pale rimu inapokalia, ni milimita 106. Tairi yake ya asili ni 195/80R15 yenye namba 107/105 mwishoni. Noah za umbo la 2001 na la 2007 zina stadi tano, duara la 114.3, kitovu cha 60.1, na nyingi zilikuja na 195/65R15 juu ya rimu ya 15x6, yaani kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6, yenye ofseti +50 (maana ya ofseti iko Hatua ya 4). Kwa HiAce za zamani zaidi, zile za mwisho wa miaka ya 80 na za 90, usiiamini orodha ya mtu yeyote. Piga magoti, hesabu stadi, pima.

Hatua ya 2: Matundu

Stadi zikiwa nne au sita, kazi ni nyepesi: pima kutoka ukingo wa nje wa stadi moja hadi ukingo wa ndani wa ile inayoielekea. Hapo umepata katikati kwa katikati bila ya kubahatisha. Zikiwa tano, hakuna inayoielekea nyingine sawasawa, kwa hiyo pima stadi mbili zilizo jirani, katikati kwa katikati, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata kiasi cha milimita 67 kati ya jirani na jirani, hiyo ni 114.3. Ukipata 59, hiyo ni 100.

Hapa ndipo wenye Noah wanapopotea. Wish, Caldina na Premio zina stadi tano kama Noah, ni Toyota kama Noah, na ukizitazama kwa mbali rimu zake ni hizo hizo. Lakini duara lake ni 100. Haziingii, na usikubali zilazimishwe. Za Harrier, Mark X, Alphard na RAV4 za miaka ya 2000 zina 114.3 pamoja na kitovu cha 60.1, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia kutafuta. Kwa mwenye HiAce, jamaa zake ni Prado, Surf, Fortuner na Hilux ya kuvuta mbele na nyuma: sita kwa 139.7, kitovu 106. Land Cruiser kubwa, yaani VX ya umbo la 100 na la 200, ina matundu matano kwa 150. Iache.

Fundi akikwambia atapanua matundu kwa tupa, au atayaziba kwa kuchomelea kisha atoboe upya, mshukuru, chukua rimu yako uondoke. Rimu iliyotobolewa kwa macho haina duara tena, na aluminiamu iliyochomelewa karibu na stadi hupasuka bila ya kutoa taarifa.

Hatua ya 3: Tundu la katikati

Kitovu cha habu ndicho kinachoiweka rimu katikati. Tundu la rimu likiwa dogo kuliko kitovu, rimu haifiki kwenye uso wa habu, inabaki inaning'inia kwenye stadi. Likiwa kubwa, rimu inafika, lakini kuikalisha katikati kunabaki kuwa kazi ya nati peke yake, na ndiyo asili ya mtetemo unaoanza gari ikifika kilomita 80 kwa saa na fundi akautafuta kwenye balansi bila ya kuuona.

Mfano mzuri ni HiAce na Nissan Caravan. Zote zina matundu sita kwa 139.7, kwa hiyo watu hubadilishana rimu kama jirani na jirani wanavyoazimana mbuzi ya nazi. Lakini kitovu cha Caravan ni 100 na cha HiAce ni 106. Rimu ya asili ya Caravan haikai kwenye HiAce: itaganda milimita chache kabla ya kugusa, na mtu mwenye spana ndefu ataikaza hivyo hivyo akidhani imefika. Kinyume chake, rimu ya HiAce inaingia kwenye Caravan ikiwa na nafasi ya milimita 6, na inahitaji pete ya kuziba nafasi hiyo. Kwa Noah ni vivyo hivyo: rimu za Nissan zina tundu la 66.1, za Honda 64.1, za Mitsubishi 67.1, na zote zinataka pete ya kushuka hadi 60.1.

Pete ziko za plastiki na za aluminiamu. Kwa gari inayofunga breki kutwa nzima kushusha na kupakia, nunua za aluminiamu, plastiki inalainika kwa joto. Ukikosa saizi, fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma atakutengenezea, mradi umpelekee rimu na kipimo cha habu, si maelezo ya mdomo.

Ukitaka kuhakikisha rimu imefika, paka chaki uso wa habu, ivishe rimu bila ya tairi, ikaze kwa mkono, ivue. Chaki ihamie kwenye rimu duara zima. Ikihamia upande mmoja tu, kuna kutu, skurubu ya zamani au kipande cha bati kinachozuia.

Hatua ya 4: Ofseti, na hesabu ambayo wengi hawaipigi

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaogusana na habu. Ikiwa na alama ya kujumlisha, uso uko upande wa nje. Namba ikizidi kuwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikipungua, linatoka nje. Mara nyingi imeandikwa nyuma ya rimu: ET35, au 35 peke yake, karibu na upana kama 15x6J.

Ikiwa maandishi yamefutika, laza rimu kifudifudi juu ya boksi, weka ubao juu ya mgongo wake, pima kutoka ubao hadi uso wa kukalia habu. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo kwa ukingo, ugawe kwa mbili. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza. Ukipata milimita 124 chini ya ubao na nusu ya upana ni 89, ofseti ni +35.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua rimu ya HiAce ya 15x6 yenye +35. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76. Upande wa ndani: 76 jumlisha 35, sawa na 111. Upande wa nje: 76 toa 35, sawa na 41. Unataka kuweka rimu ya Prado ya umbo la 2002, ya 17x7.5 yenye +30. Nusu ya inchi 7.5 ni milimita 95. Ndani: 95 na 30, sawa na 125. Nje: 95 toa 30, sawa na 65. Kwa hiyo rimu mpya itasogea milimita 14 kuelekea vyuma vya ndani na milimita 24 kuelekea nje. Matundu yameingia, kitovu kimekaa, na bado gurudumu limehama pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hizo milimita 24 za nje si mapambo. Mzigo unapohama kutoka mstari wa habu, bering zinabeba kwa ubavu, usukani unakuwa mzito, na kila shimo linavuta mikono ya dereva. HiAce ya mwili mwembamba ina upana wa milimita 1,695 tu, na matao yake hayana nafasi ya kugawa. Kwa gari ya biashara, mimi nisingezidi milimita 10 upande wowote, na spesa, zile sahani zinazotelezeshwa kati ya habu na rimu, nisingezitia kabisa. Spesa nyembamba inakula kitovu cha habu na inakula nyuzi za stadi, halafu inauzwa kwa jina la urembo.

Kwa hiyo mwenye HiAce anayetaka rimu za jamaa zake, atafute za Hilux au Surf za inchi 15 au 16, nyembamba, zenye ofseti ya 30 na kitu. Zile pana za inchi 17 zinazovutia macho aziachie wenyewe.

Hatua ya 5: Tairi itakayovishwa, na uzito

Tairi ya Prado, 265/65R17, ina kimo cha milimita 776. Ya HiAce, 195/80R15, ina 693. Ukiiweka hiyo ya Prado, kwanza itasugua tao kila ukikata kona, pili saa ya mwendo itakuongopea: ikikuonyesha 80, wewe unakwenda karibu 90. Trafiki haangalii dashibodi yako. Ukihamia inchi 16, tairi ya 215/65R16C inakupa kimo cha milimita 686 hivi, na 215/60R17C inakupa 690. Zote ziko karibu na asili. Hesabu ni hii: upana wa tairi (ile 195) mara asilimia yake (ile 80), mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita, na inchi moja ni 25.4.

Kimo kikishakubali, tazama namba ya uzito, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa bei. Ile 107/105 ya HiAce maana yake ni kilo 975 kwa tairi ikiwa moja moja, 925 zikiwa mbili mbili upande mmoja. Tairi ya gari ndogo yenye 91 inabeba kilo 615. Yenye 96, kilo 710. Kwa macho zote ni nyeusi, zote ni inchi 15, na ile ya gari ndogo inaendeshwa laini zaidi, abiria wanasifu. Lakini weka abiria kumi na wanne na dereva, kila mmoja kilo 65, hiyo ni karibu tani moja, na bado hujapandisha magunia ya mchele juu ya keria wala madumu ya mafuta ya kula. Tairi laini ikibebeshwa hivyo kwenye lami ya mchana inachemka kutoka ndani, na ikipasuka inapasuka ubavu.

Rimu nayo ina uzito wake. Rimu za Kijapani za aluminiamu zina chapa nyuma: JWL ni ya magari madogo ya abiria, JWL-T ni ya malori na van za mizigo. Nyingine zimeandikwa na kilo kabisa. Rimu iliyoandikwa 690 kilo, mbili zake kwenye ekseli moja zinabeba 1,380, basi. Kwa HiAce tafuta JWL-T au rimu ya asili ya Prado, Hilux na wenzao. Rimu isiyo na chapa yoyote nyuma ni ya kupambia gari ya harusi.

Mafundi wa Pemba nawasikia wakilalamika kuhusu hili zaidi kuliko wa Unguja, na wana haki. Kule kuna vilima na mabonde, na msimu wa karafuu van hubeba magunia yaliyoshindiliwa mpaka mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba.

Hatua ya 6: Nati

Hatua hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayorukwa.

Rimu za chuma na rimu nyingi za dukani zina tundu lililochongwa kama koni, na nati yake ina mdomo wa koni. Rimu nyingi za aluminiamu za asili za Toyota, pamoja na za Prado na za Noah, zina tundu lililonyooka na uso bapa, na nati yake ina shingo ndefu na washa. Rimu nyingi za asili za Honda nazo zina tundu la mviringo kama bakuli. Ukichukua rimu za Prado ukazifungia nati za koni zilizotoka kwenye rimu za chuma za HiAce, zitakaza vizuri tu mkononi. Lakini koni inagusa ukingo wa tundu kwa mstari mwembamba kama uzi. Ukiendesha, uzi ule unaliwa, nati inalegea, na hakuna aliyeilegeza.

Kwa hiyo unaponunua rimu, nunua na nati zake. Muuzaji akisema nati hana, punguza bei ukazitafute kwanza kabla ya kufunga. Kuhakikisha: paka chaki kwenye uso wa nati, ikaze kwa mkono kwenye rimu, ifungue, tazama chaki imehamia wapi. Ikihamia uso mzima, sawa. Ikiwa ni alama ya duara jembamba, nati siyo.

Nyuzi nazo zitazame. Toyota, Honda na Mitsubishi hutumia milimita 12 kwa hatua ya 1.5, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi. Nissan, Suzuki na Subaru ni 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan itaanza kuingia kwenye stadi ya Toyota mzunguko mmoja au miwili kisha inakaza. Mtu mwenye haraka atadhani ni kutu, ataweka spana, na hapo stadi imekwisha. Nati yoyote isiyoingia kwa vidole hadi mwisho si yake.

Mwisho, hesabu mizunguko. Nati ya 12 kwa 1.5 izunguke angalau mara nane kutoka inaposhika hadi inapogusa rimu. Rimu za aluminiamu ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo stadi iliyokuwa inatosha jana inaweza kuwa fupi leo. Ikipungua, badilisha stadi ndefu. Ni kazi ya kuvua habu au ngoma, ndiyo, lakini hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 7: Kagua mtumba

Viringisha rimu kwenye sakafu ya saruji, uitazame ikiyumba. Pitisha kidole mgongoni ukitafuta mshono wa kuchomelea. Maji ya sabuni kwenye ukingo yataonyesha ufa baada ya kuvishwa tairi. Tairi ya mtumba ikija pamoja, soma namba nne za mwisho za DOT, ile chapa ya ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa gari ya abiria, iliyozidi miaka sita mimi siinunui hata ikiwa na meno kama mpya.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kulipa yote

Omba uvishe rimu moja mbele bila ya tairi. Zungusha kwa mkono duara zima. Pawe na nafasi ya kidole kati ya rimu na kalipa ya breki, na ukumbuke vile vipande vya risasi vya balansi vitabandikwa hapo hapo ndani.

Kisha vaa na tairi, shusha gari, kata usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Pakia watu au magunia, rudia. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya ubao mnene ukiwa umekata usukani, hapo springi inabonyea upande mmoja kama inavyobonyea ukiacha lami kuingia njia ya mawe ya kijijini. Paka chaki mabegani mwa tairi kabla ya yote haya. Ilipofutika ndipo inaposugua, hata kama hukusikia kitu. Na mlango wa kusukuma ufungue hadi nyuma kabisa: gurudumu la nyuma lililotoka nje linaweza kuugonga au kuukwangua, na abiria ndio watakaokwambia.

Hatua ya 9: Kufunga

Simamisha gari pahala pagumu. Kwenye mchanga weka ubao chini ya jeki. Breki ya mkono, mawe kwenye magurudumu ya upande wa pili, legeza nati kidogo kabla ya kunyanyua, halafu stendi chini ya chesisi.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kitovu kipake grisi nyembamba sana, ndipo rimu isigande na chumvi. Stadi usizipake kitu, zifute tu. Stadi yenye oili inakazika kupita kiasi na spana haikwambii.

Vaa pete kama ipo, sukuma rimu ikae, tia nati zote kwa vidole, kisha kaza kwa kuruka: ukimaliza moja nenda ya upande wa pili, si ya jirani. Shusha gari mpaka tairi iguse chini, ndipo ukaze mwisho kwa toki renchi. Noah ni Newtonmita 103. Van nyingi za Toyota zenye stadi za milimita 12 zinacheza karibu na hapo, na kitabu cha gari ndicho cha kufuata.

Hiyo 103 ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 40, ni kama kuning'iniza kilo 26 mwishoni. Fundi wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo, anatia karibu 300, mara tatu ya inayotakiwa. Akichomeka bomba la mita moja, anapita 700. Stadi iliyovutwa hivyo haikatiki siku ile. Inakatika siku nyingine, mara nyingi pamoja na ya jirani yake. Mwambie kwa adabu, "Fundi, niachie hii nimalizie mwenyewe," na utoe toki renchi yako.

Magurudumu yote manne yawe ya saizi moja. Kwa HiAce na Noah za kuvuta mbele na nyuma hilo si ombi, kimo tofauti kinaua gia ya kugawa nguvu. Halafu balansi, na alaimenti ya mbele.

Hatua ya 10: Safari ya kwanza

Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Mjini kwenda Nungwi ni chini kidogo ya kilomita 60, kwa hiyo ukifika kule, kabla hujapakia wa kurudi, iache ipoe, toa toki renchi upitie nati zote. Kwa Pemba, Chake hadi Wete na kurudi inatosha. Ukiona nati moja inazunguka zaidi ya robo, vua gurudumu utafute sababu, usiishie kukaza. Gusa na habu kwa mgongo wa mkono ukilinganisha kushoto na kulia. Upande ulio moto zaidi una breki inayosuguliwa au bering inayolalamika.

Spea tairi

Gurudumu la akiba husahauliwa mpaka usiku. Rimu pana ya Prado inaweza isikae kwenye kibebeo cha chini ya HiAce, kwa hiyo wengi hubakisha ile ya chuma ya zamani. Sawa, mradi tairi yake ina kimo kile kile. Lakini rimu ya chuma inataka nati za koni, na wewe sasa una nati bapa sita pembeni. Weka nati sita za koni kwenye mfuko mdogo, ufunge pamoja na jeki, na umwonyeshe dereva ziko wapi na ni za nini. Rimu nyingine za zamani usiziuze haraka. Zihifadhi mpaka mpya zimepita msimu mmoja wa mvua na gari imepita ukaguzi, na kampuni yako ya bima uipe taarifa ya saizi mpya kwa maandishi.